Mziki umebeba, fyuzi je?

Mgongo bado unauma. Si unajua tena gari la michezo: unakaa chini kama uko mkekani, na kila jiwe la barabarani linakusalimia. Wiki hii nawapa stori ya safari yetu ya Nambis, kule Mbulu, halafu tuongee kuhusu vitu vya kubeba kwenye buti. Wenye ndinga za zamani, kaeni mkao wa kula.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Arusha. Alijinyima weee, mwisho akanunua Toyota Celica ya miaka ya 80, ile yenye taa za kufumba na kufumbua. Ukiwasha, taa zinainuka kutoka kwenye boneti kama macho ya chura. Gari limemzidi umri mwenyewe! Akalipiga rangi nyekundu, akaweka rimu, kisha buti zima akalijaza spika na amplifaya. Nikamuuliza, "Kaka, spea utaweka wapi?" Akanijibu, "Dogo, spea zinauzwa kila kona."

Ni kweli zinauzwa kila kona, ila kona za Arusha. Nambis kona zipo nyingi tu, lakini duka la spea za Celica sikuliona hata kwenye moja.

Tulikwenda kumsalimia mjomba. Kule ni milimani, baridi kali, na mvua ikishanyesha udongo unateleza kama sabuni. Tulifika mchana, tope hadi milangoni. Watoto wakajaa. Kaka akaona ndio pa kuuzia sura, akaanza kuwakonyeza kwa taa: fumba, fumbua, fumba, fumbua. Watoto hoi kwa vicheko. Mjomba akasema tu, "Baba, liache hilo jicho lipumzike." Kaka akacheka.

Saa tano usiku tukasikia hodi. Ni jirani. Mke wake ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake na hali si nzuri. Bodaboda ipo, lakini mama wa watu hata kukaa hawezi. Gari lililokuwa karibu usiku ule ni moja tu, letu. Tukalaza kiti cha mbele, mgonjwa akaingia. Mama mkwe wake na mimi tukajibana nyuma.

Kaka akawasha taa. Kimya. Akarudia. Macho ya chura yamefumba, nje giza na ukungu mtupu. Tukashuka na tochi za simu, tukafungua boksi la fyuzi: fyuzi ya mota za kuinulia taa imeungua. Tope lilizifanya mota ziwe nzito, na ule mchezo wa kukonyeza ukamalizia kazi. Spea? Hakuna. Buti limejaa spika.

Hapo kaka akamwomba jirani pakiti ya sigara, akachana ile karatasi ya kung'aa aizungushie fyuzi. Mjomba, ambaye ameendesha trekta miaka mingi, akamdaka mkono. "Unataka kuunguza gari mgonjwa akiwa ndani?"

Vijana wenzangu, hii muishike. Fyuzi imetengenezwa ife ili waya upone. Ukiizungushia karatasi ya sigara, au ukaweka ya namba kubwa kuliko inayotakiwa, kinachoungua sasa ni waya wenyewe, na moto ukishaanza kwenye nyaya hauna adabu.

Mjomba akauliza, "Hilo liredio lako halina fyuzi?" Kaka akachomoa ile ya kwenye waya wa amplifaya. Tukazilinganisha chini ya tochi: 30 kwa 30. Akaichomeka, taa zikainuka. Kwa hesabu yangu tulipoteza kama nusu saa. Nusu saa si kitu ukiwa unasubiri rafiki baa. Ukiwa unamsikia mtu anaugulia kwenye kiti cha gari lako, ni mwaka mzima.

Tulikwenda polepole hadi mjini Mbulu bila mziki, na hakuna aliyeuulizia. Kabla hakujapambazuka akazaliwa mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima. Kaka alikwenda nyuma ya gari akajifanya anakagua tairi. Mimi nilimwona alichokuwa anafuta, na si vumbi.

Kuna na kichekesho. Tuliporudi Arusha fundi alitucheka hadi akakaa chini. Kumbe kwenye mota ya kila taa, chini ya boneti, kuna kinobu cha kuzungusha kwa mkono, jicho linafumbuka bila fyuzi yoyote. Dawa tulikuwa nayo muda wote! Kwa hiyo spea ya kwanza ni kulijua gari lako.

Msidhani nayaponda magari ya michezo. Datsun 240Z ni ndinga ya michezo hasa, na ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 kwenye vumbi na tope letu hili hili la Afrika Mashariki. Na Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 na Volvo iliyokuwa imeshatumika. Ila mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano hayo, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Barabara haijali rangi ya gari. Inataka kujua umejiandaaje.

Haya, ukitoka mjini na gari la umri huo, beba hivi:

Fyuzi za kila namba inayotumika kwenye gari lako, mbili mbili. Bei yake haizidi vitafunio vya asubuhi.

Fenibelti. Ukifunga mpya, ile ya zamani kama bado ina uhai usiitupe, iweke kwenye buti. Hivyo hivyo plagi, rota na kifuniko cha distribyuta.

Mpira wa rejeta wa juu na wa chini, klipu zake na maji lita tano. Mpira ukipasuka na huna mwingine, kata kipande cha tyubu ya baiskeli ukizungushe kwa kukaza, kitakufikisha kwa fundi. Ila rejeta ikiwa ya moto usiifungue, itakuchubua uso.

Mafuta ya injini, na mafuta ya breki na klachi. Tangi la petroli likitoboka kidogo, sugulia kipande cha sabuni ya mche kwenye tundu, kinaziba kwa muda. Sigara weka mbali!

Spea tairi yenye upepo, wili spana, jeki na kipande cha ubao cha kuwekea jeki ili isizame kwenye tope. Ongeza kamba ya kuvutia, koleo na magunia mawili ya kutandika chini ya tairi linapoteleza.

Spana, bisibisi, koleo ya kukatia nyaya, waya, tepu ya umeme, nyaya za kubustia betri na tochi ya kweli. Tochi ya simu inaisha na chaji.

Mwisho triangle, mtungi wa kuzimia moto, boksi la huduma ya kwanza na blanketi. Kama unakwenda milima ya Mbulu, blanketi weka juu kabisa.

Vyote hivyo havimalizi buti la Celica. Kaka ametoa spika mbili kati ya nne, na nafasi imebaki. Maana mjini gari ni lako, kijijini usiku gari ni la wote. Siku usiyoijua atagonga mtu mlango, na hatakuuliza mziki wako unapiga kwa nguvu gani.

Yule mtoto wamempa jina zuri la kwao. Ila kaka, akiwa peke yake, anamwita Fyuzi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.