Mafuta Hayaazimwi Usiku wa Manane



Katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, Bwana wetu anatusimulia habari za wanawali kumi waliotoka kumlaki bwana arusi. Tukisoma kwa haraka, twaweza kudhani kwamba wapumbavu walilala na wenye busara wakakesha. Sivyo. Wote kumi walisinzia. Kilichowatofautisha ni mafuta waliyoyatwaa mapema. Nao wenye busara walipokataa kuyagawa, hawakufanya uchoyo. Yako mambo yasiyoazimika: saa ya kujaribiwa, hakuna awezaye kuazima dhamiri ya jirani yake.

Wengi wetu twafikiri kwamba kuwa tayari ni kupata kitubio na kupakwa mafuta matakatifu kabla ya kufa. Neema hizo ni kubwa, wala asizidharau mtu. Lakini Bwana hutujia hata kabla ya kifo, na mara nyingi huja saa ile haki inapodai jibu letu.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia Seminari Ndogo ya Buta, katika Jimbo la Bururi, kusini mwa Burundi. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana walikataa. Wanafunzi 40 waliuawa, Wahutu pamoja na Watutsi. Waamini huwakumbuka kama Mashahidi wa Udugu.

Ujasiri ule haukuzaliwa asubuhi ile. Tangu mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na nchi ikaingia vitani, gombera wa seminari hiyo, Padre Zacharie Bukuru, aliwazoeza vijana wake kuzungumza waziwazi juu ya yaliyokuwa yakiwagawa wazazi wao, kusali pamoja na kucheza pamoja. Hayo yalikuwa mafuta yao, yaliyowekwa akiba siku baada ya siku. Amri ya kujitenga ilipotolewa, jibu lilikuwa limekwisha kukomaa mioyoni mwao.

Sisi je? Huenda tusikabiliwe na bunduki. Lakini amri ya kujitenga hutufikia kwa sauti ya chini: mgombea anapotuomba kura kwa ajili ya kabila, ukoo unapokutana kumnyang'anya mjane shamba, mzee wa baraza anapopewa bahasha ili mnyonge ashindwe. Asiyejizoeza kusema kweli katika mambo madogo atatafuta maneno siku hiyo, asiyapate.

Kwa hiyo, viongozi walei, msingoje fujo zizuke ndipo muitishe sala ya amani. Jumuiya ndogo ndogo inaposoma Neno la Mungu kila juma, na isiishie hapo. Iulize: Ni nani kati yetu anayeonewa? Tumemtembelea mfungwa gani? Ni jirani gani tusiyesalimiana naye, na kwa sababu gani? Katika sura ile ile ya Mathayo, Mfalme anawahukumu mataifa yote kwa mambo ya namna hiyo: chakula, maji, nguo, ugeni, ugonjwa na kifungo.

Sala, Ekaristi na kitubio hututia nguvu; matendo ya haki huzidhihirisha. Tusivitenganishe. Saa ya bwana arusi hatuijui, bali duka la mafuta lingali wazi leo.

Amani ya Kristo iwe nanyi.