Kompyuta Ziko Chuoni, Mwalimu wa BTP Yuko Kijijini na Manila Yake

Makamanda, leo naomba tuongelee jambo ambalo halizinduliwi kwa kukata utepe wala halipigiwi makofi bungeni. Ni zile wiki ambazo mwanachuo wa ualimu anatoka chuoni na kwenda shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Vyuo vya ualimu wanaita BTP, vyuo vikuu wanaita TP, na watoto wa shule wanamjua kwa jina moja tu: mwalimu wa fildi. Wengi mnaosoma hapa mmepitia huko, mko huko sasa hivi, au mna dada na kaka wanaojiandaa kwenda.

Hoja yangu ni moja. Serikali ya CCM imeimba wimbo wa TEHAMA katika elimu kwa zaidi ya miaka 20, lakini TEHAMA hiyo inaishia kwenye geti la chuo. Mwanachuo akishapanda basi kwenda kituo chake cha mazoezi, teknolojia inakuwa shauri yake na bando lake. Na kwa kuwa mtu anakuwa mwalimu pale anaposimama mbele ya watoto, tunatoa walimu waliofundishwa kutumia kompyuta lakini hawajawahi kufundisha nayo hata kipindi kimoja.

Tusidanganyane kwamba tatizo ni kukosa sera. Sera ya kwanza ya Taifa ya TEHAMA ni ya mwaka 2003. Mwaka 2005 Sweden ilianza kugharamia kompyuta na mafunzo yake katika vyuo vya ualimu vya serikali. Mwaka 2007 ikaja sera ya TEHAMA kwa elimumsingi. Mwaka 2016 Sera ya Taifa ya TEHAMA ikaandikwa upya. Kanada nayo ikaja na mradi wa kuviinua vyuo vya ualimu vya serikali, vyote 35, TEHAMA ikiwemo. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu, pamoja na vingine vilivyonunuliwa. Januari 2024 mtaala mpya ukaanza kutumika, na mapema 2025 Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023 ikazinduliwa kwa mbwembwe.

Karatasi tunazo za kutosha, na vifaa vimekuja. Sasa tumfuate huyo mwanachuo tuone kinachomfikia.

Chukua binti wa mwaka wa pili chuo kikuu, amepangiwa shule ya kata kule Uvinza au Nachingwea. Kama ana mkopo, viwango vya Bodi ya Mikopo vya miaka ya karibuni vinampa shilingi 10,000 kwa siku za mafunzo kwa vitendo, kwa siku zisizozidi 56. Yaani akipata kiwango chote, ni shilingi 560,000. Humo atoe nauli ya kwenda na kurudi, kodi ya chumba, chakula, karatasi za manila, maka peni na kuchapa maandalio ya somo. Kinachobaki, kama kinabaki, ndicho anunulie bando. Asiye na mkopo hana hata hiyo. Na mwenye mkopo atairudisha akipata kazi, kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Kwa maneno mengine, huyu binti anakopa ili awafundishe bure watoto wa Jamhuri ya Muungano.

Kile kishikwambi cha sensa je? Mgao ule ulikuwa wa waajiriwa. Mwalimu mwenyeji anacho, mwalimu wa fildi hana. Kuna vituo ambavyo mwenyeji atamwazima, na kuna vituo ambavyo mwenyeji ataogopa kifaa cha serikali kisije kikavunjika mikononi mwa mtu asiyekuwepo kwenye orodha. Simlaumu. Nani atalipa?

Vitabu navyo ni hivyo hivyo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, na vitabu vya kiada viko humo. Ni kazi nzuri na tuseme wazi kwamba ni nzuri. Lakini kuvifungua kunahitaji intaneti, na intaneti inahitaji bando, na bando linatoka kwenye ile laki tano na sitini.

Sasa njoo kwenye usimamizi, maana hapa ndipo penye uozo wenyewe. Msimamizi kutoka chuoni anakuja mara chache, kwa sababu posho na nauli ni ghali na wanachuo ni wengi. Akifika anakaa nyuma ya darasa kipindi kimoja, anakagua faili: azimio la kazi, andalio la somo, nukuu, zana. Anajaza fomu, anasema mawili matatu, anawahi kituo kingine. Wiki zinazobaki, hakuna mtu wa chuo anayejua kinachoendelea mle darasani.

Miaka ya nyuma angalau lile faili lilikuwa ushahidi wa jasho. Leo akili mnemba inaandika andalio la somo la dakika 40, na malengo yake na tathmini yake, kabla chai haijapoa. Kabla ya hapo maandalio yalikuwa tayari yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, unabadilisha jina la shule na tarehe, kazi imeisha. Mfumo unaopima ualimu kwa kukagua makaratasi umeshapitwa na wakati. Kilichobaki cha kupima ni kufundisha kwenyewe, na kufundisha hakuonekani kwenye faili.

Na dawa yake haihitaji roketi. Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, walianza kumrekodi mwalimu mwanafunzi akifundisha somo fupi kwa kikundi kidogo, kisha anakaa na mkufunzi wake wanajitazama pamoja: hapa uliuliza swali ukalijibu mwenyewe, hapa uliwapa mgongo watoto dakika tano nzima, hapa wale wa nyuma hawakuguswa kabisa. Njia hiyo ikaenea duniani, na hata vyuo vyetu vinafundisha kwa vikundi vidogo namna hiyo kabla ya BTP. Enzi zile ilihitaji mitambo mizito. Leo simu ya kawaida ya mwanachuo inarekodi vizuri kuliko mitambo ile. Tumeshindwa nini kumwambia kila mwalimu wa fildi arekodi kipindi kimoja kwa wiki, akitazame na mwenyeji wake, na viwili au vitatu avitume chuoni?

Mwalimu wa sayansi ana shida nyingine: shule haina maabara, au ina jengo la maabara lisilo na vifaa. Kuna majaribio ya kompyuta ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, ya bure, ya umeme, mawimbi, kemia, hesabu. Unayapakua mara moja ukiwa chuoni, halafu unayatumia bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Hayachukui nafasi ya maabara, na ole wake waziri atakayetuambia yanachukua. Ila mtoto aliyeona mkondo wa umeme ukitembea kwenye kioo anaelewa zaidi ya yule aliyechorewa tu kwenye manila.

Najua kuna wenzetu watasema: "Kamanda, watoto wanakaa chini, vyoo hakuna, wewe unaongelea vishikwambi?" Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba sidai mabilioni mapya. Vifaa vimeshanunuliwa na vyuo vimeshapewa kompyuta. Tunachouliza ni kwa nini fedha iliyokwisha kutumika haimfikii mtu anayejifunza kazi yenyewe. Na mtoto anayekaa chini anahitaji mwalimu mzuri kuliko hata yule anayekaa kwenye kiti.

Wengine watasema basi tuondoe kabisa wasimamizi, kila kitu kiende kwa video, tuokoe posho. Hapana. Mkufunzi aliyefika shuleni anaona ambayo kamera haioni: mwanachuo amepewa vipindi 30 kwa sababu shule haina walimu, amelazwa kwenye stoo, au kuna mtu ofisini anamsumbua. Video iongeze jicho, isilifumbe lililopo.

Na tuwe wakali kwenye jambo la watoto. Darasa si studio ya TikTok. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kamera imwelekee mwalimu, sura za watoto zisisambazwe, na mkuu wa shule na wazazi wawe wamejua. Chuo kitoe mwongozo ulioandikwa, kisimwachie mwanachuo wa miaka 21 abuni sheria zake akiwa fildi.

Kwa hiyo madai yetu ni haya:

1. Kila chuo kiwe na vishikwambi vya kuazimisha kwa kipindi cha mazoezi. Mwanachuo anasaini anapoondoka, anarudisha anaporejea, na kikiwa kimejaa vitabu vya kiada na majaribio ya sayansi yasiyohitaji intaneti.

2. Maktaba Mtandao na mifumo mingine ya Taasisi ya Elimu ifunguke bila kukata bando. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kisheria, na kampuni za simu zinauchangia. Hii ndiyo kazi yake.

3. Mwalimu mwenyeji anayemlea mwalimu wa fildi atambuliwe na alipwe. Leo anafanya kazi ya ukufunzi kwa hisani.

4. Sehemu ya alama za BTP itokane na vipindi vilivyorekodiwa na kujadiliwa, badala ya unene wa faili.

5. Intaneti isizimwe. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, nchi ilizimiwa intaneti na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Mtandao wa X ulikuwa umeshafungwa tangu Mei mwaka huo. Serikali inayoshika swichi namna hiyo haiwezi kumwambia mkufunzi wa Butimba apange usimamizi wa wanachuo wake mtandaoni. Atapangaje juu ya kitu kinachozimwa mkubwa akiogopa?

Bajeti ya Wizara ya Elimu husomwa kila mwaka kuelekea Juni. Hata kama sauti yetu bungeni ni ndogo, maswali hayana haja ya kiti bungeni. Muulizeni diwani, muulizeni mbunge yeyote anayewakilisha jimbo lenye chuo cha ualimu: mwaka huu wanachuo wangapi wamekwenda BTP, na wangapi walikwenda na kifaa chochote cha chuo? Akijibu, tuandikieni jibu lake. Asipojibu, andikeni kwamba hakujibu, na jina la jimbo.

Na ninyi mlioko fildi wakati huu, msikae kimya mkidhani shida ni yenu binafsi kwa sababu eti mzazi hakuwa na uwezo. Wekeni hesabu. Nauli kiasi gani, manila kiasi gani, bando kiasi gani, msimamizi amekuja mara ngapi. Wiki nane zikiisha, ile orodha ina uzito kuliko hotuba zetu zote, kwa sababu itaonyesha nani hasa aliyegharamia elimu ya kidijitali katika nchi hii.