Shabiki Anayetabiri Msimu na Atoe Sababu Zake

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Septemba, kabla ya mechi za ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, kuanza mnamo Oktoba, mashabiki hushika kazi ambayo hawakuajiriwa kuifanya. Huketi wakaipima timu yao, wakawahesabu waliosajiliwa na walioondoka, wakakadiria ni mechi ngapi kati ya 82 zitakazoshindwa na ngapi zitakazowashinda, kisha wakatoa hukumu: mwaka huu ni wetu. Kazi hiyo hufanywa Los Angeles na Boston. Hufanywa pia katika mabweni ya shule zetu za upili na katika vyuo vyetu vikuu, na vijana ambao huamka alfajiri kutazama mechi zinazochezwa jioni huko Marekani.

Nimewasikia walimu wakiyalaani mabishano hayo, wakidai kwamba ni upuuzi unaomwibia mwanafunzi wakati. Mimi nina rai tofauti. Nashikilia kwamba shabiki anayetabiri msimu anafanya jambo ambalo shule hujitahidi kulifundisha na mara nyingi hushindwa: anachukua ushahidi uliopo, anautolea hitimisho, na anajiweka mahali ambapo wakati utamhukumu. Kasoro haimo katika kutabiri. Kasoro imo katika kutabiri bila sababu, na kubwa zaidi, katika kutorejea baadaye kuukagua utabiri wenyewe.

Chukua mfano wa Los Angeles Lakers mwaka wa 2012. Timu hiyo ilikuwa na mataji 16 na nyota mashuhuri, Kobe Bryant, aliyekuwa ametwaa ubingwa mara tano. Alikuwapo pia Pau Gasol kutoka Uhispania, aliyeshinda mataji ya 2009 na 2010 pamoja na Bryant. Kiangazi cha mwaka huo wakaongezwa wawili: Steve Nash, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka wa 2005 na 2006, na Dwight Howard, aliyetuzwa kuwa mlinzi bora wa ligi mara tatu mfululizo, kuanzia 2009 hadi 2011. Mashabiki walipoyatazama majina hayo manne yakipangwa pamoja, wengi walilihesabu taji la 17 kuwa limo kabatini tayari.

Yaliyofuata yanajulikana. Lakers walicheza mechi nane za kujipima nguvu kabla ya msimu, wakashindwa zote nane. Katika mechi ya pili ya msimu wenyewe Nash alivunjika mfupa wa mguu. Baada ya mechi tano, moja tu ikiwa ya ushindi, kocha Mike Brown akafutwa kazi. Bryant aliibeba timu hadi mwezi wa Aprili 2013, na hapo kano ya kisigino chake ikakatika. Alisimama akafunga mipira miwili ya adhabu, kisha akatoka uwanjani, na msimu wake ukawa umekwisha. Timu ilishinda mechi 45, ikapoteza 37, ikamaliza ya saba katika kanda ya magharibi, na ikatolewa na San Antonio Spurs katika raundi ya kwanza ya mchujo bila kushinda hata mechi moja kati ya nne. Kiangazi kilichofuata, Howard alihamia Houston.

Mtu atasema kwamba hayo yalikuwa majaliwa, na hakuna awezaye kutabiri mfupa utakaovunjika. Ni kweli kwa sehemu. Lakini hebu tuutazame ushahidi uliokuwapo Septemba 2012, kabla ya mpira wa kwanza kurushwa. Nash alikuwa na umri wa miaka 38. Bryant alikuwa na miaka 34, na Gasol 32. Howard alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Aidha, Nash alijenga sifa yake kwa kuushika mpira na kuwagawia wenzake, ilhali Bryant naye alizoea kuushika mpira na kufunga mwenyewe. Mpira ni mmoja. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililokuwa siri; yote yalichapishwa magazetini. Shabiki aliyahesabu majina, akasahau kuihesabu miaka, viungo vya mwili na majukumu.

Hata hivyo, tusimwonee shabiki huyo. Alikuwa na hoja, tena hoja isiyo ya kipuuzi. Alikumbuka Boston Celtics. Katika msimu wa 2006-07 Boston ilishinda mechi 24 pekee. Kiangazi cha 2007 ikawaleta Kevin Garnett na Ray Allen kuungana na Paul Pierce, na msimu uliofuata ikashinda mechi 66 na kutwaa ubingwa, tena kwa kuwashinda Lakers hao hao mechi nne kwa mbili. Kumbe majina makubwa yanaweza kukutanishwa yakaleta taji mara moja! Shabiki wa Lakers alijiambia: lililowezekana Boston litawezekana Los Angeles.

Hapa ndipo somo lilipo. Kufananisha ni njia halali ya kufikiri, lakini afananishaye sharti aulize mambo mawili yanalingana wapi na yanatofautiana wapi. Garnett alikuwa na miaka 31 alipofika Boston, Allen alikuwa na 32, na Pierce alikuwa hajatimiza 30. Allen hakuhitaji kuukumbatia mpira. Kazi yake ilikuwa kukimbia mpaka apate nafasi, apokee na kurusha. Garnett alikuwa tayari kuifanya kazi ya ulinzi, na mwisho wa msimu akatuzwa kuwa mlinzi bora wa ligi. Kila mmoja alileta kile ambacho mwenzake hakuwa nacho. Huko Los Angeles vipaji vilirundikana mahali pamoja, vikasongamana. Wingi wa nyota ulikuwa mmoja, mpangilio wake ulikuwa mbali kabisa.

Tuwatazame na hao San Antonio waliowatoa Lakers. Tim Duncan, Tony Parker na Manu Ginobili walikuwa wamecheza pamoja tangu 2002, chini ya kocha mmoja, Gregg Popovich, aliyeanza kazi hiyo 1996. Duncan alikuwa na miaka 36. Kwa hesabu ya umri peke yake, wangalitupwa kando. Lakini miaka kumi ya kuzoeana ni ushahidi pia. Walishinda mechi 58 msimu huo, wakafika fainali, wakashindwa na Miami mechi nne kwa tatu, kisha wakarudi mwaka wa 2014 na kuishinda Miami hiyo hiyo nne kwa moja. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kuna hesabu moja nyepesi ambayo ningependa kila mwalimu wa hisabati awape wanafunzi wake. Ligi ya NBA ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 82 katika msimu wa kawaida. Kwa kuwa kila mechi huzihusu timu mbili, jumla ya mechi zote ni 1,230. Kila mechi ina mshindi mmoja tu, kwa maana hakuna sare katika mchezo huu. Basi jumla ya ushindi wote unaoweza kupatikana ni huo huo 1,230, yaani wastani wa 41 kwa kila timu. Sasa waulize mashabiki wa timu zote 30 watabiri idadi ya mechi ambazo timu yao itashinda, ujumlishe majibu yao. Sina shaka kwamba jumla hiyo itaipita 1,230, tena kwa mbali. Kila shabiki, akisikilizwa peke yake, huonekana mtu mwenye busara. Wakiwekwa pamoja, wanaahidi ushindi ambao haupo duniani. Timu yako haiwezi kupanda bila nyingine kushuka, na atabiriye kupanda kwa yake yampasa ataje ni zipi zitakazoshuka, na kwa nini.

Najua lipo pingamizi. Kuna watakaosema kwamba ushabiki ni mapenzi, na mapenzi hayapimwi kwa mizani. Mtu huishangilia timu yake ijapokuwa dhaifu, na kumdai ushahidi ni kumharibia starehe. Pingamizi hili lina uzito, na sitaki kulipuuza. Sidhani kwamba shabiki anapaswa kuipenda timu yake kwa kadiri ya ushindi wake. Apende atakavyo. Lakini kutamani ni jambo moja, na kutarajia ni jambo jingine, na lugha yetu imetupa maneno mawili kwa sababu hiyo. Mwenye kusema "natamani tushinde" hahitaji kuthibitisha chochote. Mwenye kusema "tutashinda" amejitwisha mzigo wa hoja. Mwanafunzi akijifunza kutofautisha kauli hizo mbili anapozungumzia kikapu, atazitofautisha pia atakapomsikiliza mwanasiasa jukwaani au mfanyabiashara anayemwahidi faida kubwa kwa muda mfupi.

Kwa hivyo nawapendekezea walimu jambo moja dogo lisilohitaji fedha. Mwezi wa Oktoba, wanafunzi wapendao mchezo huu waandike utabiri wao katika ukurasa mmoja. Wataje idadi ya mechi ambazo timu itashinda, sababu tatu, na jambo moja ambalo likitokea litawafanya wabadili mawazo. Karatasi zitiwe katika bahasha na kufungwa. Mwezi wa Aprili, msimu wa kawaida unapomalizika, bahasha ifunguliwe na kila mmoja aandike insha fupi: nilisema nini, kilitokea nini, ni sababu ipi iliyosimama na ipi iliyoanguka. Asiyependa ligi ya Marekani anayo yetu ya kutabiri. Mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, iliyoanza mjini Kigali mwaka wa 2021.

Katika kusahihisha insha hizo, mwalimu asimtuze aliyebahatisha. Aliyesema Lakers wangeshindwa mwaka wa 2012 kwa kuwa tu hawapendi alipata jibu sahihi, lakini hakufikiri. Aliyesema wangeshinda endapo wote wanne wangekuwa wazima kwa mechi 70 alikosea, ila alituachia kitu cha kupima. Huyu wa pili ndiye mwanafunzi.

Nimalizie kwa jambo linalonigusa zaidi. Mwalimu naye ni mtabiri. Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, anaingia darasani, anazitazama nyuso na alama za nyuma, na moyoni mwake anapanga: huyu atafika chuo kikuu, huyu hatafika. Basi na amkumbuke Nikola Jokić. Mwaka wa 2014, vijana walipokuwa wakichaguliwa kuingia NBA, wachezaji 40 waliitwa kabla yake. Jina la kijana huyu wa Serbia lilipopita, televisheni ilikuwa ikionyesha tangazo la biashara. Wapimaji wengi wa timu, watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, walikuwa wamemwona mzito na mwenye mwendo wa polepole. Amekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka wa 2021, 2022 na 2024, na aliiongoza Denver kutwaa ubingwa wake wa kwanza wa NBA mwaka wa 2023.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mwalimu na shabiki. Utabiri wa shabiki haufiki uwanjani. Mpira hauujui, na mchezaji hausikii. Utabiri wa mwalimu husikika. Mtoto huusoma katika jicho la mwalimu, katika maswali anayoulizwa na yale ambayo haulizwi kamwe, katika kiti alichopangiwa nyuma ya darasa. Anayetabiriwa kushindwa huanza kucheza kama aliyekwisha kushindwa, na mwisho wa mwaka mwalimu husema, "Nilijua." Hakujua, alisaidia kulitimiza.

Ikiwa shabiki wa kikapu anapaswa kuandika sababu zake na kurejea kuzikagua, mwalimu anapaswa mara kumi zaidi. Na aandike alichokidhania kuhusu kila mwanafunzi mwezi wa Januari, afungie karatasi hiyo asiione mtu, kisha aifungue mwezi wa Oktoba. Shabiki akikosea hupoteza msimu mmoja, na msimu mwingine huja. Mtoto hana msimu wa pili wa utoto.