Chuo cha Jioni Nacho ni Shule

Neno chuo lina maana mbili, na ukitaka kujua mtu ametoka wapi, msikilize analitumiaje. Hapa Gitega, kwa sisi wanafunzi, chuo ni chuo kikuu. Kwetu Muyinga, katika mitaa ya Waislamu, mtoto akisema anakwenda chuoni mama yake anajua kwamba anakwenda kwa ustadhi, juzuu kwapani, baada ya kutoka shule. Maana hii ya pili ni kongwe: katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu chenyewe, kisha ni mahali pa kukisomea. Siku hizi inaonewa haya. Mwenzetu akiulizwa alianza kusoma wapi, hutaja shule ya msingi na kunyamaza, hata kama herufi yake ya kwanza ilikuwa alifu.

Ninaandika kwa sababu kuna mtoto anayesubiri jibu. Mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka saba, yuko Muyinga kwa mama. Mama anataka aandikishwe madrasa shule zitakapofunguliwa Septemba. Baba mdogo, ambaye ndiye anayemnunulia sare na madaftari, na ambaye ninaishi kwake hapa Gitega, hataki. Anasema saa hizo ziende kwenye masomo ya ziada ya Kifaransa, maana mtihani hauulizi juzuu. Kwa mdomo nimemjibu kwa adabu, kama mtoto anavyomjibu mzazi. Kwa kalamu namjibu yeye pamoja na wote wasemao kama yeye, wakiwemo baadhi ya wenzangu wa darasani na walimu wetu.

Hoja yangu ni moja. Madrasa ni shule. Kwa kuwa ni shule, isidharauliwe kama mahali pa kupotezea muda. Na kwa kuwa ni shule, isisamehewe makosa ambayo hatungeisamehe shule nyingine yoyote.

Tuanze na muda, kwani ndilo neno la kwanza la wapinzani. Shule nyingi za msingi za Burundi huenda kwa zamu mbili: kundi moja asubuhi, jingine mchana, katika chumba kilekile. Utaratibu huu ulienea miaka ya 1980 ili vyumba vichache vipokee watoto wengi, na tangu ada ya shule ya msingi ifutwe mwaka 2005 vyumba vimezidi kujaa. Silaumu. Nusu siku ya shule ni bora kuliko siku nzima bila shule. Lakini tukubali maana yake: serikali humchukua mtoto nusu ya siku, na nusu nyingine humrudishia mzazi. Madrasa haiibi saa za shule. Inatumia saa ambazo shule imeziacha.

Na saa hizo, hasa kwa mtoto wa kike, hazikai bure zikingoja kitabu. Msichana aliyebaki nyumbani na daftari la Kifaransa huitwa kila baada ya dakika tano: leta maji, mshike mtoto, angalia moto. Daftari linafungwa. Msichana aliyekwenda chuoni ameondoka. Hata jirani anajua kwamba hatumwi, kwa sababu anasoma. Baba mdogo anapolinganisha saa nane za madrasa kwa wiki na saa nane za Kifaransa, anayalinganisha madrasa yaliyopo na masomo ya ziada ambayo, katika nyumba ya mama yangu, hayatakuwepo.

Neno la pili ni lugha. Wanasema mtoto atachanganyikiwa. Kirundi, Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili, kisha Kiarabu juu yake? Naomba tuhesabu vizuri. Lugha nne kati ya hizo tano zimewekwa na ratiba ya serikali, wala sijamsikia baba yeyote akimtoa mtoto shule kwa sababu hiyo. Mtoto anaanza kwa Kirundi, na miaka michache baadaye anatakiwa kujifunza hesabu na sayansi kwa Kifaransa ambacho hajawahi kukisikia sokoni. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukimsikiliza mtoto wa darasa la tano akiimba sentensi nzima ya Kifaransa bila kujua imesema nini, utajua kwamba kukariri bila kuelewa hakukuzaliwa madrasani.

Tofauti ni kwamba madrasani kuna kitabu kimoja. Mtoto anaanza na herufi moja moja, kisha irabu: fataha, kisra, dhuma. Anaunganisha. Anaingia juzuu ya Amma, sura fupi fupi za mwisho, kisha anapanda kuelekea ndefu, miaka na miaka, katika kitabu chenye juzuu thelathini. Ustadhi humsikiliza peke yake, mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na akikosea irabu moja hurudishwa hapo hapo. Niambieni ni darasa gani la watoto themanini ambamo mwalimu humsikiliza kila mtoto akisoma mstari wake. Mwalimu wa shule hana kosa, hawezi tu. Basi mahali pekee ambapo mtoto wa Muyinga husikilizwa akisoma, tukifunge kwa sababu gani?

Neno la tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba ni mambo ya dini, na dini isimzuie mtoto na maendeleo. Hapa nawaomba wasomi wa Gitega watazame jirani. Katika jimbo kuu hili hili kuna seminari ndogo ya Mugera. Vijana waliosoma seminarini enzi za ukoloni walifundishwa Kilatini, lugha isiyonunua hata fungu la ndizi katika soko lolote la Burundi. Wengi hawakuwa mapadre. Walitoka wakawa walimu, makarani na viongozi, na mpaka leo tukiwataja tunasema walikuwa na elimu nzito. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, padre Alexis Kagame aliyelelewa na elimu hiyo hiyo akaandika falsafa ya watu wake katika miaka ya 1950. Hakuna anayesema Kilatini kilimchelewesha. Lugha kongwe ya kitabu, ikifundishwa kwa subira, ilimpa macho ya kuitazama lugha yake. Kwa nini Kilatini kiitwe elimu na Kiarabu kiitwe udini?

Na tuna somo lingine la nyumbani. Kanisa Katoliki lilikuwa na vituo vya Yaga Mukama, ambako watoto walikwenda siku chache kwa wiki kujifunza kusoma na kuandika Kirundi pamoja na katekisimu. Wengi wao hawakuwa na nafasi katika shule ya serikali. Utawala wa Jean-Baptiste Bagaza ukavipiga marufuku katikati ya miaka ya 1980, na baada ya kupinduliwa kwake mwaka 1987 vikaruhusiwa tena. Ninachokiona hapo ni kwamba ukifunga shule ya ziada bila kufungua nyingine, mtoto hapati elimu bora zaidi. Anapunguziwa ile aliyokuwa nayo. Shule ya ziada huchunguzwa na kusahihishwa. Kuifunga ni kazi rahisi ya mtu asiyetaka kuichunguza.

Sasa naja kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, maana hapa dharau inanishangaza zaidi. Mwaka mzima tunasoma tenzi. Tunachambua vina na mizani ya Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Tunautaja Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Tunaisifu Al-Inkishafi. Kazi hizo zote ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na miswada yake imehifadhiwa mpaka London na Dar es Salaam. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kuufungua mswada mmoja na kuusoma? Tunategemea alichokinukuu mwingine kwa herufi za Kirumi, akikosea tunakosea naye, kisha tunapata shahada. Mtoto wa miaka kumi aliyemaliza juzuu zake chuoni tayari ana ufunguo wa mlango ambao sisi tumesimama nje yake. Idara inayofundisha fasihi hii na kuicheka madrasa inakula matunda huku ikitukana mti.

Nimewajibu wapinzani, sasa niwageukie wenye madrasa, maana nimesema nusu ya pili ya hoja yangu ni kutosamehe. Nilisoma madrasa miaka sita. Nilisoma kwa sauti nzuri maneno ambayo hakuna aliyeniambia maana yake. Nilichapwa kwa fimbo kwa herufi moja, na niliwaona wasichana wenzangu wakiachishwa walipofika miaka kumi na mbili, ikidhaniwa kwamba yale ya kusalia yanawatosha, huku kaka zao wakiendelea. Mambo haya hayawezi kufichwa nyuma ya heshima ya kitabu. Heshima ya kitabu ndiyo inayoyakataza.

Kisingizio cha kutofundisha maana hakipo tena. Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Zanzibar alitoa tafsiri nzima ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1969. Ustadhi anayezungumza Kiswahili na watoto wanaokizungumza hana sababu ya kuwaacha miaka sita gizani. Wala hakuna sababu ya kudhani kwamba madrasa na shule ni maadui. Mombasa, katika miaka ya 1980, Waislamu waliohofia watoto wao kubaki nyuma shuleni walishirikiana na Aga Khan Foundation, wakaanzisha madrasa za watoto wadogo zinazofundisha dini pamoja na maandalizi ya shule ya msingi, na walimu wake wakiwa wanawake wa mtaani waliopewa mafunzo. Mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda. Hawakuifuta madrasa, na hawakuiacha kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo mzazi anayekwenda kumwandikisha mtoto asiende na ada peke yake. Aende na maswali, kama anavyopaswa kuuliza shule yoyote inayolipwa. Je, ustadhi atabadilisha saa za mtoto zamu yake ya shule ikibadilika? Je, kila sura atakayoihifadhi ataambiwa maana yake kwa Kiswahili? Je, ataandika, au atasoma tu? Je, kuna fimbo? Je, msichana atafika mwisho wa kitabu sawa na mvulana? Ustadhi anayejibu vizuri apewe mtoto, na alipwe ada yake kwa wakati, maana tunadai mengi kwa mtu tunayemlipa kwa kubahatisha. Ustadhi anayekasirikia maswali, mzazi atafute mwingine.

Baba mdogo, mtihani hauulizi juzuu, hilo ni kweli. Lakini mtihani unauliza kama mtoto anaweza kukaa chini mbele ya maandishi magumu, akayasoma polepole, akarudia alipokosea bila kulia wala kutoroka. Tabia hiyo haiuzwi katika masomo ya ziada ya wiki mbili kabla ya mtihani. Hujengwa jioni baada ya jioni, na Muyinga kuna mahali panapoijenga tangu kabla hujazaliwa.

Na nyinyi walimu wangu, mnaotuuliza kila mwaka kwa nini wanafunzi wa Kiswahili hawasomi vitabu virefu: kabla ya kutafuta jibu mbali, waulizeni wangapi wamewahi kumaliza kitabu kimoja mbele ya mwalimu mmoja, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Watakaonyoosha mikono wengi watakuwa wametoka chuoni. Msiwacheke. Wapeni mswada wasome.