Sombe Si Aibu: Juu ya Restora za Bunia na Chakula Kisicho na Nyama

Kuna swali moja ambalo mgeni akiliuliza katika restora nyingi za mji wetu wa Bunia, watu wanacheka. Swali lenyewe ni hili: «Chakula gani kiko hapa kisicho na nyama?» Mtumishi anamwangalia kwanza, halafu anajibu kwa roho safi: «Kuku iko, patron. Samaki pia iko.» Kana kwamba kuku anavunwa shambani pamoja na maharagi! Mgeni akisisitiza, anapewa viazi vya kukaanga na vipande viwili vya tomati, na bei inakaribia ile ya mwenye kula mbuzi.

Kicheko hicho hakitufurahishi sisi walimu na watu wa mila. Tunaandika kurasa hizi kuwapinga wanaosema kwamba kula bila nyama ni desturi ya Wazungu, na kuwapinga pia wenye restora wanaoficha sombe kama mtoto wa nje siku ya karamu.

Tukubali kwanza lililo kweli. Majina yametoka mbali. Chama cha kwanza cha watu wasiokula nyama kilichojipa jina la «vegetarian» kiliundwa Uingereza mwaka 1847, na neno «vegan», kwa mtu anayeacha hata maziwa na mayai, lilianza kule kule mwaka 1944. Lakini jina ni kitu kimoja, na chungu ni kitu kingine. Kabla ya majina hayo kufika hapa, bibi zetu walikuwa wanapika siku nyingi za juma bila nyama, na hawakuungoja mkutano wa London uwape ruhusa.

Angalieni neno letu «mboga». Katika Kiswahili cha huku kwetu, mtu akiuliza «Leo mboga gani?» anaweza kujibiwa nyama, samaki, maharagi ao lenga-lenga. Vyote ni mboga, kwa sababu vyote vinasindikiza bugali. Lugha haikuweka nyama juu na majani chini. Ni sisi wenyewe tuliofanya hivyo.

Na utajiri wetu si mdogo. Kuna sombe iliyotwangwa vizuri katika kinu na kuchemka saa nyingi, mpaka sumu ya mihogo imetoka na mawese yameingia. Kuna lenga-lenga, matembele, majani ya maboga, na uyoga wa wakati wa mvua. Kuna maharagi ya milima ya Djugu. Waalur na Walugbara wanajua simsim na karanga zilizosagwa zinavyogeuza majani machungu kuwa chakula cha heshima. Kwa Wahema, maziwa na siagi ni vitu vya kumpokelea mgeni. Mtu asiyekula nyama lakini anakunywa maziwa angeishi vizuri sana katika Ituri, mradi asiingie restora!

Basi aibu hii ilitoka wapi? Wakati wa Wabelgiji tulifundishwa kwamba meza ya mtu aliyesoma ina kisu, uma na kipande cha nyama. Halafu Mobutu alileta siasa ya «authenticité», na tarehe 30 Novemba 1973 akatangaza zairianizasio, maduka ya wageni yakapewa wenyeji. Tulivua kravati tukavaa abakosti, lakini sahani ilibaki na kravati yake. Baada ya 2003, vita vilipouletea mji wetu jeshi la Artemis, MONUC na mashirika mengi, meza za restora ziliongezeka, na karte ziliandikwa kwa kukisia tumbo la mgeni: nyama ya kukaanga, kuku na mayonezi, viazi. Kichekesho ni kwamba kati ya wageni hao walikuwamo waliotafuta majani na maharagi, na sisi tuliowaficha chakula hicho tulikwenda kukila nyumbani jioni.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni uongo wa chungu. Mtu anaagiza sombe bila nyama. Inaletwa. Anaonja, anakuta ndagala. Akiuliza, anajibiwa: «Hiyo si nyama, patron, ni kasamaki tu ya kuleta ladha.» Maharagi nayo yanachotewa supu ya ng'ombe ili yawe mazito. Wengi wanaona hilo ni dogo. Sisi tunasema si dogo.

Fikirini ni nani anakaa kwenye meza hiyo. Kuna Mwislamu, ambaye mafuta ya nguruwe ni haramu kwake. Kuna Mwadventista, anayemkataa hata samaki asiye na magamba, na kambale wa Ziwa Albert ni wa namna hiyo. Kuna Mkatoliki wa Ijumaa Kuu. Kuna mgonjwa ambaye daktari amemkataza. Na kuna sisi wote, maana nani kati yetu hajui ukoo wenye mwiko wake? Hawa hawamgusi mnyama fulani, wale hawamli samaki fulani, na mtoto anafundishwa jambo hilo kabla hajaenda shule. Wanawake wa makabila mengi ya Maziwa Makubwa walikatazwa zamani kuku na mayai. Katazo hilo lilikuwa na uonevu ndani yake, na hatutaki lirudi. Lakini linaonyesha kwamba mtu kukataa chakula fulani si kitu kigeni hapa kwetu. Wazee walimheshimu mwenye mwiko: mgeni aliulizwa kwanza anakula nini na haachi nini, ndipo moto ukawashwa. Restora isiyouliza, na ikiulizwa inadanganya, hiyo ndiyo inayovunja mila.

Tuangalie majirani. Waethiopia wa kanisa la Orthodoksi hawagusi nyama wala maziwa Jumatano na Ijumaa, na tena wakati wote wa mfungo mkubwa kabla ya Pasaka. Je, restora zao zinafunga milango? Hapana. Zinaleta injera moja pana yenye dengu, mbaazi na majani ya rangi mbalimbali, na watu wa mataifa mengine wanavuka miji kwenda kuila. Nairobi na Kampala, Wahindi wenye asili ya Gujarat walifungua restora ambazo nyama haiingii kabisa, na Waafrika wanapiga mstari humo. Hawakuona haya, nao walipata wateja. Sisi tuna sombe, na tunaona haya.

Tunajua tutajibiwa nini. Wa kwanza atasema: «Mwalimu, mwili unahitaji nyama, watoto wetu wanakufa na bwaki.» Ni kweli kwamba bwaki inaua. Lakini bwaki inaletwa hasa na bugali tupu ya mihogo, siku baada ya siku, bila kitu cha kuisindikiza. Maharagi, karanga na sombe iliyopikwa vizuri vina protini. Na anayeacha kabisa nyama, samaki, maziwa na mayai ajue kwamba vitamini B12 haipatikani katika majani, inambidi aitafute kwingine. Hatumkatazi mtu nyama, wala hatusemi mtoto anyimwe yai. Tunasema tu kwamba majani yasiitwe adhabu.

Wa pili, mwenye restora, atasema: «Mteja hataki.» Basi aende saa sita kwa mama wa malewa karibu na soko, aone chungu cha maharagi kinavyoisha. Mteja anataka. Anachokosa ni kuyapata kwenye sahani safi, mezani, bila kudharauliwa.

Na dharau hiyo inamwangukia mtu fulani. Nani analima lenga-lenga? Nani anatwanga sombe? Ni mama zetu. Tangu Desemba 2017, vita viliporudi Djugu, maelfu ya wakulima walikimbilia Bunia, wengine wakafika Kigonze bila kitu isipokuwa mikono yao. Wengi wanajua jembe na kinu kuliko kazi nyingine yoyote. Restora inayonunua kuku wa barafu kutoka mbali na kumpita mama mwenye kitita cha majani mlangoni pake, inatoa feza yetu nje na kuacha njaa ndani.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na si makubwa. Kila restora ya Bunia iwe na angalau sahani moja ya majani na moja ya maharagi, zilizopikwa katika chungu chao wenyewe, na ziandikwe kwenye karte kwa majina yetu. Mpishi aseme ukweli wa kilichomo: kama ndagala iko, aseme iko. Na sisi tuliosoma, walimu, waganga, watu wa ofisi, tukialikwa tuagize sombe mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika, maana mtumishi anacheka kwa sababu ametusikia sisi tukicheka.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mila haikai katika ngoma na mavazi ya sikukuu tu. Iko pia katika kinu, katika mawese, na katika lile swali la zamani ambalo tunataka lirudi kwenye meza zetu: «Mgeni wetu, wewe unakula nini?»