Maisha ya asili yana bili yake

Leo hakuna video, ni maandishi tu, kwa sababu hii mada haitoshei kwa sekunde sitini.

Kila wiki napata meseji kutoka kwa msichana wa miaka kumi na tisa, ishirini hivi, akiniambia anataka kuishi kama mimi. Nyumba ndogo ya mabati huku Mai Mahiu, sukuma na managu nje ya mlango, nepi za kitambaa kwa kamba, sabuni ya kipande, jivu la kusugulia sufuria, na mtoto wa miaka miwili na miezi minne ambaye mwalimu wake ni mamake. Wanamalizia na, "Maisha ya asili, hakuna stresi." Nawapenda, kusema kweli. Lakini hapo kwa "hakuna stresi" ndipo lazima tuongee.

Mimi nayatetea haya maisha. Niliacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nasomea takwimu, na sijutii kuwa hapa na binti yangu. Shida yangu ni vile yanauzwa. Yanauzwa kama kitu cha bure. Msichana amevaa gauni refu la kitani, taa ya jua la jioni, mkate unaumuka polepole, mtoto ametulia kama picha. Hakuna mtungi. Huoni mgongo ukiuma. Mtu akikuonyesha maisha bila kukuonyesha bili, huyo ana kitu anataka ununue.

Wacha nikuonyeshe bili yangu moja, ya nepi.

Daipa moja ya duka nilikuwa naipata kwa shilingi 20. Binti yangu anatumia nne kwa siku, hiyo ni 80, kwa mwezi ni 2,400. Nepi za kitambaa naosha kila baada ya siku moja, yaani mara kumi na tano kwa mwezi. Kila nikifua natumia mitungi miwili ya lita ishirini, kila mmoja shilingi 20, na sabuni kama ya 10. Jumla 50. Kwa mwezi ni 750. Nimeokoa 1,650. Hapo ndipo video nyingi zinaisha, na makofi.

Sasa weka saa. Kuloweka, kusugua, kusuuza mara mbili, kuanika, kukunja: ni saa moja kila nikifua, kwa hivyo saa kumi na tano kwa mwezi. 1,650 gawa kwa 15, napata shilingi 110 kwa saa. Kwa mtu asiye na kazi nyingine ya kufanya hiyo saa, ni sawa kabisa, nachukua. Lakini kiangazi kikikaza na mtungi ufike shilingi 50, kufua mara moja kunakuwa 110, mwezi unakuwa 1,650, na ninachookoa kinashuka hadi 750. Hiyo ni shilingi 50 kwa saa. Wakati huo nanunua daipa za usiku na sioni aibu. Mtu akiniambia nimesaliti maisha ya asili, namwambia aje anibebee mtungi kutoka kwa kioski hadi kwangu, kisha tuendelee na mjadala.

(Na ndio, nilihesabu hii kwa daftari ya shule. Takwimu haikupotea.)

Lakini pesa si kitu kikubwa. Kikubwa ni maji yenyewe, na hapa ndipo nataka usome polepole kama una mtoto mdogo ama unapanga kuwa naye.

Mai Mahiu kwa Kikuyu ni maji moto. Jina lenyewe linakuambia tuko juu ya nini. Hili bonde lote ni la volkeno, Longonot iko hapo nyuma inatuangalia, na maji ya chini ya ardhi yanapopita kwenye mawe ya volkeno yanabeba floraidi. Visima vingi vya Bonde la Ufa vinayo zaidi ya kiwango. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kisima kimoja kinaweza kuwa sawa na kile cha jirani kikawa kimevuka, na macho hayatakuambia. Maji ni safi, hayana harufu, yanatoka ardhini bila dawa yoyote. Ni ya asili asilimia mia moja.

Na yanaharibu meno ya watoto. Yale meno ya kahawia unayoona kwa watu wengi wa Nakuru, Naivasha na Gilgil, ambayo watu wa Nairobi huchekea, si uchafu na si kukosa kupiga mswaki. Jino la utu uzima hujengwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla halijatoka, na floraidi ikizidi wakati huo linajengeka vibaya. Dirisha la hatari ni tangu mtoto azaliwe hadi karibu miaka minane. Ukishamaliza hiyo miaka, jino limeshaamua. Hakuna mkaa wala ndimu ya kusugulia itakayorudisha. Na viwango vikiwa juu sana kwa miaka mingi, hata mifupa inaathirika.

Kitu kinanikera ni kwamba tabia zetu za kubana matumizi kiasili ndizo zinaongeza. Tuanze na kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, fanya, lakini floraidi haiendi na mvuke. Inabaki, na maji yakipungua kwa sufuria inakuwa nyingi zaidi kwa yale yaliyobaki. Halafu magadi. Shosho zetu wote wanaweka magadi kwa githeri ili iive haraka, makaa yasiishe, na siwezi kuwalaumu, mahindi na maharagwe yanakula makaa kama mchezo. Lakini magadi ya jiwe hubeba floraidi pia. Mimi naloweka usiku kucha, namwaga hayo maji, nachemsha kwa dakika kadhaa, kisha natia sufuria moto kwa kikapu kilichojazwa vitambaa na nafunika blanketi nzee. Inaendelea kuiva yenyewe. Makaa kidogo, magadi sifuri.

Na chai. Najua nagusa pabaya. Majani ya chai hukusanya floraidi kutoka kwa udongo, na tena chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwa chakula. Mtoto wa miaka miwili kupewa kikombe cha chai ya rangi na mkate asubuhi ni kitu tumezoea sana, na hakimsaidii. Uji wa wimbi una faida zaidi na bei si ya kutisha. Shosho aliniuliza, "Kwani wewe ulikufa na hiyo chai?" Sikufa, shosho. Lakini angalia meno yangu kwa video yoyote ile, utaona kwa nini nacheka nikifunga mdomo.

Kwa hivyo kwetu maji ya kunywa na kupikia ni ya mvua. Mvua haijapita kwa mawe, floraidi yake ni kidogo sana. Tuna tenki ya lita 1,000 chini ya mabati. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunamwaga, kwa sababu yanaosha vumbi la malori na mavi ya ndege kutoka juu ya nyumba. Yanayofuata tunaweka, na tunachemsha kabla ya kunywa. Sisi watatu tunatumia kama lita kumi kwa siku kwa kunywa na kupika tu, kwa hivyo tenki ikijaa inatusukuma siku mia moja. Kufua, kuoga, kuosha vyombo, hayo ni maji ya kioski. Tenki ilikuwa ghali. Ndicho kitu ghali zaidi ndani ya hii nyumba "ya asili", na ni plastiki.

Kama huna nafasi ya tenki, kuna vichujio vya makaa ya mifupa, mifupa ya ng'ombe iliyochomwa vizuri. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Si makaa ya jiko, tafadhali. Makaa ya kuni hayaondoi floraidi, kwa hivyo usiniletee ile video ya chupa iliyokatwa na mchanga ndani.

Kuna kitu kingine lazima niseme kuhusu maji na mahali hapa. Tarehe 29 Aprili 2024, alfajiri, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani huku juu yalipasuka na kushuka Kamuchiri na vijiji vya karibu. Zaidi ya watu 40 walikufa. Waliobaki, wengi walianza upya na sufuria moja, blanketi ya msaada na nguo walizokuwa nazo mwilini. Kwa hivyo mtu wa mjini akiniambia kwa furaha jinsi ametupa nusu ya vitu vyake ili aishi na vitu vichache, mimi namheshimu, lakini moyo wangu unaenda kwa wale ambao hakuna aliyewauliza. Kuishi na kidogo kwa kuchagua na kuishi na kidogo kwa kunyang'anywa ni vitu viwili. Tusivipige picha moja.

Sasa hii shule ya nyumbani.

Wengi mnaniuliza natumia mtaala gani. Hakuna mtaala. Ana miaka miwili! Shule ya chekechea yenyewe, PP1, ni ya mtoto wa miaka minne. Kabla ya hapo, kile tunachoita kwa mbwembwe "masomo ya nyumbani" ni malezi, na shosho alifanya bila kupakua faili. Nimeona watu wa rika langu wanauza vitabu vya PDF vya "ratiba ya mtoto wa miaka miwili" kwa shilingi elfu moja na zaidi. Hapana. Binti yangu anachambua maharagwe na mimi, mekundu huku, meupe kule. Hiyo ni hesabu. Anamwagilia managu na kikombe chake na kunirudia mara kumi kuuliza kama mmea umeshiba. Tunasimama mbali na barabara tunahesabu magurudumu ya malori yanayoenda Narok na Naivasha, anafika nne halafu anaruka hadi kumi, na kumi kwake ni kila kitu kikubwa. Zile sahani kubwa za mitambo ya setilaiti kule Longonot aliniuliza ni za uji wa nani. Sina jibu la hiyo mpaka leo.

Kazi yangu ni kuongea naye, kwa Kiswahili na Kikuyu, siku nzima. Inachosha kuliko nepi. Kuna siku naweka simu apige kelele na katuni ili nioshe vyombo kwa amani, na siiweki hiyo kwa video, lakini leo nimekuambia.

Akifika miaka minne anaenda PP1. Najua kuna wanaonifuata wanaotaka kukaa na watoto nyumbani hadi sekondari. Kabla ya kufanya hivyo, soma Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Inasema shule ya msingi na sekondari ni lazima, na mzazi asiyempeleka mtoto anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 ama kufungwa hadi mwaka mmoja, ama vyote viwili. Unaweza kubishana nayo, ni haki yako, lakini usiingie bila kujua.

La mwisho ni la wewe msichana wa meseji. Unaponiona napika githeri kwa kikapu, kumbuka mimi nalipwa kwa hiyo githeri. Video ndizo kazi yangu. Babake mtoto anaendesha lori, na akikaa mpakani wiki mbili nina pesa yangu mwenyewe kwa simu, kwa jina langu. Wale wasichana wa gauni la kitani nao wanalipwa, wana kazi, kazi yao ni kukuonyesha kwamba hawana kazi. Ukiacha masomo ama kibarua ili uwe mama wa nyumbani wa asili, na huna hata shilingi inayoingia kwa mkono wako, hutakuwa unaishi kama mimi. Utakuwa unaishi kwa hisani ya mtu, na jivu lako la kusugulia sufuria halitakusaidia siku atakapobadilika. Anza na kuku, anza na kitalu cha mboga, shona nepi uuze, sijali ni nini.

Na ukihamia Mai Mahiu, Naivasha, Gilgil ama popote huku bondeni, kabla hujalipa nyumba muulize mwenye ploti kisima kilipimwa lini na karatasi iko wapi. Akianza kukuambia vile maji ni matamu, mgeukie mtoto wa miaka tisa kumi aliyekulia hapo kwa ploti, mwambie kitu cha kumchekesha, na uangalie meno yake.