Mtoto anaomba kadi ya kompyuta? Mzazi aulize haya kabla ya kutuma pesa

Zamani kijana wa Nyololo akiomba kitu cha gharama, mzazi alijua anachoombwa. Kilikuwa baiskeli, redio, baadaye pikipiki. Angeweza kukikagua kwa macho na kumuuliza jirani bei. Siku hizi ombi linakuja kwa jina ambalo nusu yake ni herufi na nusu ni namba: “Baba, naomba uninunulie RTX 4060.” Baba anabaki ameduwaa, hajui kama anaombwa kifaa cha kazi au cha kuchezea.

Pesa yenyewe si ya kuokota. Kadi ya grafiki ya daraja la kati, ile ambayo vijana huiita “grafiksi”, ni laki kadhaa. Kwa mkulima wa chai, muuza mbao au mama mwenye genge kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, hiyo ni mbolea ya msimu au ada ya mdogo wake. Ndiyo maana nyumba nyingi huishia kwenye moja ya makosa mawili. Mzazi anakataa bila kusikiliza, na kijana anaamini kwamba kazi yake haithaminiwi. Au mzazi anatuma pesa Kariakoo bila kuuliza, kadi inasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500, ikifika haiingii kwenye kompyuta.

Kazi ni ipi?

Kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Kuandika barua, kufanya hesabu za duka au kusoma masomo mtandaoni hakuhitaji kadi ya kununua. Ile iliyomo ndani ya kompyuta inatosha. Inahitajika kwa gemu kubwa, kuhariri video za harusi na kwaya, kuchora ramani za nyumba na kutengeneza katuni.

Mzazi asione aibu kumwambia kijana, “Mwanangu, nieleze kama unavyomweleza bibi yako.” Kijana anayejua anachokitaka ataeleza. Akisema ni ya kuhariri video, aonyeshe video alizokwisha kuhariri, hata kwa simu. Akisema ni ya gemu, aseme hivyo hivyo. Gemu si dhambi, lakini pesa ya gemu hupangwa tofauti na pesa ya mtaji.

Fungua boksi kwanza

Kompyuta nyingi za mezani zilizoko majumbani ni zile zilizotumika maofisini, hasa Dell na HP. Ni imara, lakini pawa saplai zake ni ndogo; zile nyembamba nyingi zina wati 240 hivi. Watengenezaji hushauri wati 450 kwa kadi ya AMD RX 6600, na wati 550 kwa Nvidia RTX 3060 au RTX 4060. Tena boksi jembamba halipokei kadi ndefu, na pawa saplai ya kawaida ya dukani mara nyingi haiingii mle.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana kuhusu jina la kadi, fundi afungue boksi, asome wati zilizoandikwa kwenye pawa saplai na apime nafasi kwa rula. Kama boksi ni dogo, zipo kadi za chini zinazokula umeme wa mazabodi peke yake, kwa mfano GTX 1650 nyingi zenye wati 75, au RTX 3050 ya GB 6 yenye wati 70. Kwa boksi jembamba litafutwe toleo fupi la kadi hizo.

Majina mawili kwenye kadi moja

Hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa. Dukani wataambiwa ASUS, MSI, Gigabyte, Zotac, Sapphire, huku kijana akisema Nvidia au AMD. Wote wako sahihi. Ni kama mabasi yanayopita Nyololo kwenda Mbeya: chesisi ni ya kampuni moja, bodi imejengwa na kampuni nyingine. Nvidia, AMD na Intel hutengeneza chipu, ambayo ndiyo injini. Kina ASUS na MSI huinunua, wakaiwekea feni, bati la kupoza na rangi.

Maana yake ni hii: RTX 4060 ya kampuni moja na RTX 4060 ya nyingine hazipishani sana kwa kasi. Zinapishana kwa kelele za feni, urefu, joto na waranti. Kama duka linataka nyongeza kubwa kwa sababu ya feni tatu na taa za rangi, mzazi anaweza kuchukua ya bei ndogo bila wasiwasi, mradi chipu ni ileile na waranti ipo.

Chipu ndiyo ya kuchagulia. Kwa video na katuni, programu nyingi zimezoeana zaidi na Nvidia. RTX 3060 ya mwaka 2021 ina toleo la kumbukumbu ya GB 12, linalosaidia kwenye kazi nzito. RTX 4060 ya 2023 ina GB 8 lakini inatumia umeme kidogo zaidi. Kwa gemu zaidi, RX 6600 ya AMD mara nyingi huwa nafuu na hufanya kazi vizuri. Intel nayo ilileta Arc B580 yenye GB 12 Desemba 2024 kwa dola 249 huko Marekani, lakini chipu za Arc hupungukiwa nguvu kwenye kompyuta za zamani, kwa hiyo si rafiki wa boksi la ofisini la miaka kumi iliyopita.

Luku nayo ihesabiwe

RTX 3060 ikifanya kazi nzito hula wati 170. Saa nne kwa siku, siku 30, ni uniti 20 na kidogo, kadi peke yake. RX 6600 yenye wati 132 ni karibu uniti 16, na RTX 4060 yenye wati 115 ni karibu 14. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, inunuapo kwa bei nafuu, inaweza kusukumwa nje ya kundi hilo. Kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, UPS iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mtumba na feki

Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni kama mitumba. Si zote mbovu, lakini inunuliwe ile iliyowashwa na kujaribiwa mbele ya mnunuzi kwa nusu saa. Zipo pia kadi za zamani zilizobandikwa jina jipya. Programu ya bure ya GPU-Z huweza kuzitambua nyingi za Nvidia na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Kama ndugu yuko Dar es Salaam, aende dukani, apige picha majibu ya programu hiyo, adai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa. Akiuziwa feki, Tume ya Ushindani, FCC, hushughulikia bidhaa bandia, na risiti ndiyo itakayomsemea.

Mwisho, mzazi na kijana wakae wakubaliane kabla pesa haijatoka: nani anachangia kiasi gani, saa za kutumia ni zipi, nani ananunua luku, na kila kiangazi nani anafungua boksi kupuliza vumbi. Kijana akichangia hata kidogo kutoka kwenye kibarua chake cha mbao au chai, atakitunza kifaa. Na kama hesabu haikubali mwaka huu, mzazi aseme wazi kwamba ni pesa iliyopungua, asije akamwambia mtoto kuwa ndoto yake ni upuuzi.